Kopo la Mama na Bata wa Mzee Walter

Mwezi uliopita nilikwenda Malvern, mtaa wa Scarborough jijini Toronto, kumsaidia mama kusafisha makabati ya jikoni. Mama ni mtu wa kutunza vitu. Kila chombo cha plastiki kilichowahi kuingia nyumbani kwake na siagi au aiskrimu bado kimo, kimeoshwa, kimepangwa, kinangoja siku yake. Nilikuwa nimepanda kiti, mkono umezama nyuma kabisa ya rafu ya juu, nilipogusa kitu cha bati kikaanguka. Kilipogonga sakafu kililia kra-kra-kra, mlio mkavu wenye haraka, kifuniko kikaruka na mawe madogo yakatawanyika. Nikabaki nimeganda juu ya kile kiti, nina umri wa miaka kumi tena.

Sebuleni mama alicheka. "Wamefika?" akauliza.

Lile ni kopo la kahawa, lililokuwa jekundu na sasa limeliwa na kutu. Ndani yake, pamoja na mawe, mna maganda matatu ya risasi za kuwindia ndege. Najua mnashangaa maganda ya risasi yanatafuta nini kwenye kabati la mama mcha Mungu wa Scarborough, jirani na unga wa ugali. Kaeni niwaeleze, maana nimeishi na habari hii muda mrefu na sidhani kama nimewahi kuisimulia yote.

Kwanza lazima mjue kwamba mama yangu hakuwa na amani na ndege. Anayeijua Malvern anawajua wale bata bukini wenye shingo nyeusi na kidevu cheupe, wanaojiona ndio wenye mji. Hulala kwenye nyasi za shule, huvuka barabara kwa miguu huku magari yakiwangoja, na vinyesi vyao huwezi kuvikwepa. Watu wazima huwapisha. Mama hakuwapisha hata siku moja. Akiwaona, hata kama amevaa nguo za kanisani na viatu vya kisigino, shingo yake ilinyooka, mikono ikapanda, akapiga makofi matatu na kuachia ukelele mrefu uliotoka tumboni: "Haaayaaa-hoo!" Bata wakatimka. Kituo kizima cha basi kikageuka kumtazama, na mimi nikajifanya nasoma ratiba ya mabasi kwa makini sana.

Nilipomuuliza kwa nini anafanya vile, alijibu, "Mazoea yana taabu, mwanangu," akaishia hapo. Mimi nilikuwa nimeuliza kwa Kiingereza. Ndivyo tulivyoishi, yeye akisema Kiswahili na mimi nikijibu Kiingereza, na tulielewana vizuri tu katika yale yaliyosemwa. Yasiyosemwa yalikuwa mengi. Nilijua amekulia Usangu kwenye mashamba ya mpunga. Nilijua aliishia darasa la tano, akaja kusoma tena ukubwani, hapa hapa Toronto, kwenye madarasa ya jioni, mpaka akapata cheti cha kuhudumia wazee majumbani. Kwa nini aliishia darasa la tano sikujua, wala sikuwahi kuuliza. Nilijua tu kwamba kwetu kukosa shule ilikuwa dhambi. Theluji ikisimamisha mabasi tulikwenda kwa miguu. Nilipokuwa na mafua nilikwenda na mafua yangu.

Mmoja wa wazee aliowahudumia alikuwa Mzee Walter. Alikuwa na miaka themanini na mmoja, mjane, mstaafu wa reli, mrefu kiasi cha kuinama kila mlangoni. Jina la Mzee alipewa na mama. Alipoelezwa kwamba ni neno la heshima alifurahi mno, akaanza kumwambia hata mleta barua kwamba kuanzia leo aitwe Mzee. Nyumba yake ya matofali ilikuwa mwendo wa dakika kumi kutoka ghorofa letu, na nikitoka shule nilikwenda kumngojea mama huko.

Chini ya ile nyumba kulikuwa na chumba chenye harufu ya rangi, kamba kuukuu na mbwa aliyekufa kabla sijazaliwa. Humo alihifadhi bata wake wa bandia wa kuwahadaa ndege wakati wa kuwinda, kama sitini hivi, waliochongwa kwa mbao. Alinipa brashi, akanifundisha kuwapaka rangi upya waliochubuka, na tukifanya kazi alinisimulia kwao Saskatchewan, kwenye nyika za ngano, mahali ambapo kila vuli, kabla ya baridi kali, ndege wanaohama kutoka ncha ya kaskazini hushuka kwa maelfu kula masazo ya mavuno na kulala kwenye mabwawa. Alikuwa na kipenga cha mbao kinacholia kama bata bukini. "Ndege halazimishwi," aliniambia. "Unamwambia tu kwamba wenzake wako chini na chakula kipo. Akiamini, atashuka mwenyewe." Maisha yake yote ya uwindaji yalikuwa sanaa ya kukaribisha. Wakati huo sikuona kichekesho cha mtu kama huyo kuhudumiwa na mama yangu.

Hakuwa amekwenda kwao kwa miaka mitatu. Moyo ulikuwa umemshtua mara mbili, na mwanawe alikataa katakata. Vuli ya mwaka 2008 yule mwana alilegea, kwa masharti: mhudumu aende naye, iwe mara ya mwisho, na bunduki ibaki huko huko shambani kwa dada yake. Mzee alimweleza mama habari hiyo akiwa amesimama, kofia mkononi, kama anayeomba posa.

"Nataka bata mmoja tu," alisema. "Nimpige mwenyewe, nimle, niage kama mtu anavyoaga. Mtoto njoo naye, dada yangu Irene ana vyumba vya kutosha."

"Mtoto ana shule," mama akasema.

Siku tatu hakutoa jibu. Siku ya nne alikuwa jikoni anamenya tangawizi, akasema bila kunitazama, "Ndege walinitoa shule mimi. Sasa wamekuja kukutoa na wewe." Halafu akaniambia nikatafute soksi nzito. Niliruka ruka mpaka jirani wa chini akagonga dari. Wiki nzima bila shule! Sentensi ya kwanza ilinipita kabisa, nilisikia ya soksi tu. Nilikuwa darasa la tano.

Msidhani nilisalimika. Mama alikwenda kwa mwalimu wangu, akarudi na mazoezi ya wiki nzima yenye unene wa mkate. Tulisafiri siku tatu kwa gari la Mzee, mama akiendesha, na jimbo letu la Ontario halikutaka kuisha: mawe, misonobari, ziwa, mawe tena. Kila jioni tulipolala kwenye hoteli za barabarani, kabla sijavua viatu, mazoezi yalikuwa mezani. Nilijifunza kugawanya sehemu huku Mzee akikoroma chumba cha pili.

Kisha miti ikaisha, na nchi ikawa bapa. Sijawahi kuona mbingu kubwa namna ile. Bi Irene, dada yake Mzee, alitupokea akiwa na mabuti ya mpira na mikono yenye unga, akatulisha supu kabla hajatuuliza majina. Nyuma ya nyumba kulikuwa na shamba la ngano iliyokwisha kuvunwa, na baada ya mabua kulikuwa na bwawa, kama viwanja viwili vya mpira, limezungukwa na matete yaliyokauka rangi ya dhahabu. Majirani wengi walikuwa wamechimba mifereji na kukausha mabwawa ya namna ile ili wapate mahali zaidi pa kulima. Bi Irene aliliacha, kama baba yake alivyoliacha.

Mama alilizunguka kwa macho ya mtu wa Usangu. "Kwa nini hamlimi hapa?" aliuliza. "Udongo mzuri, maji yapo."

"Kila mtu ananiuliza hivyo," Bi Irene akajibu. "Nikilima, ndege watatagia wapi?"

Mama alimtazama kama unavyomtazama mtu anayemwaga sukari chini kwa makusudi. Usiku alininong'oneza, "Huyu mama wa watu anafuga wezi."

Tulikuwa na asubuhi tatu. Katikati ya mabua Bi Irene alikuwa amechimba shimo la kina kifupi na kulizungushia majani makavu. Ndiyo yalikuwa maficho yetu. Mzee alikaa kwenye kiti kifupi, blanketi miguuni na bunduki mapajani. Mama alikaa kushoto kwake na mkoba wa dawa na chupa ya chai, mimi kulia. Mbele yetu wale bata wa mbao, wengine wenye videvu nilivyopaka mimi. Sheria zilikuwa tatu tu: usisimame, usiinue uso, usitoe sauti.

Asubuhi ya kwanza mvua ilinyesha mpaka tukarudi. Ya pili ilikuwa kavu, lakini ndege walipita juu sana wakaenda zao kwenye shamba la mtu mwingine. Mzee alikunywa chai yetu ya tangawizi akasema kesho ni siku pia. Ila usiku ule nilimsikia akitembea tembea chumbani, na mama akamfuata kumpima mapigo ya moyo. Siku iliyofuata ndiyo ilikuwa ya mwisho. Mwanawe alikuwa ametuhesabia siku, na safari ya kurudi ilikuwa ndefu.

Asubuhi ya tatu kulikuwa na sakitu, ule umande ulioganda, juu ya mabua na pumzi zetu zilionekana. Tuliwasikia kabla ya kuwaona. Mwanzo ni kama watu wanaogombana nyumba ya tatu, halafu ya pili, halafu kichwani kwako. Walikuwa bata bukini weupe, ncha za mabawa nyeusi, wengi kiasi kwamba sikujua nitazame wapi. Mzee alipuliza kipenga. Kundi likapinda. Akapuliza tena, taratibu, kwa sauti ya mtu anayekaribisha wageni ambao chakula chao kimeshaiva, na wao wakaanza kushuka wakizunguka.

"Bado," alinong'ona. Mkono wake uliokuwa ukitetemeka kila siku ulikuwa umetulia juu ya bunduki. "Bado."

Wakateremsha miguu. Niliiona, miguu ya rangi ya waridi, na mabawa yaliyokunjwa kuzuia mwendo. Mamia walikuwa karibu kuyagusa mabua.

Mama akasimama.

Alisimama wima, mikono juu, akapiga makofi matatu yaliyolia kama mbao. "Haaayaaa-hoo!" Sauti ile ilikwenda mpaka mwisho wa shamba na sidhani kama ilirudi. "Mom! Sit down!" nilipiga kelele, na kelele yangu ikaongezea balaa. Hewa yote ikageuka mabawa. Kwa dakika moja hatukusikia kitu kingine, na baada ya hapo hatukusikia kitu kabisa. Manyoya mawili matatu yalishuka polepole mbele yetu. Bunduki ya Mzee haikuwa imefika hata begani.

Mama alikuwa bado amesimama, anaitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine.

"Haya," Mzee akasema. "Twendeni tukale."

Hilo tu. Njia nzima uso wake ulikuwa wa kijivu kuliko nilivyowahi kuuona. Jikoni kwa Bi Irene hakugusa mayai. Mama hakukaa mezani. Alisimama kwenye sinki akiosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Mimi nilikuwa naona aibu ya vituo vyote vya basi vya Malvern imekusanywa ikawa moja. Nikamwendea nikamwambia kwa Kiingereza, na hapa naiandika kwa lugha yake ili iniume inavyostahili: "Umemharibia. Kila mara lazima upige kelele."

Alisugua sufuria. Nimesema maneno mengi ya kijinga maishani, lakini hayo ndiyo ninayotamani kuyarudisha mpaka leo.

Mzee aliweka kikombe chini. "Tumaini," alisema. Ndilo jina la mama. "Ile sauti. Nani alikufundisha?"

Mama alidhani anadhihakiwa. "Nisamehe, Mzee. Sikukusudia. Mwili ulisimama wenyewe."

"Najua hukukusudia. Nimewinda miaka sitini, na sijamwona mtu anayenyanyua kundi zima kwa mdomo wake. Nakuuliza nani alikufundisha."

Mama akafuta mikono, akakaa. Akasimulia, kwa Kiingereza chake cha polepole, na mimi nilikuwa nasikia kwa mara ya kwanza.

Alisema kwao mpunga ukianza kutunga maziwa, kweleakwelea huja. Ni ndege wadogo, mmoja hashibishi paka, lakini kundi lao hufunika jua, na shamba waliloshukia asubuhi huwa mabua matupu jioni. Kwa hiyo watoto huwekwa kuamia, kuwafukuza. Yeye alianza akiwa na miaka sita. Alijengewa dungu, jukwaa la miti lililoinuka juu ya mpunga, na alikaa hapo peke yake kuanzia kabla ya mapambazuko mpaka giza, na kombeo la kurushia udongo, kopo lenye mawe, na sauti yake. Ukisinzia, familia inalala njaa. Miezi miwili kila msimu. Shule ilikuwa ng'ambo ya mashamba, na upepo ukivuma vizuri aliisikia kengele. Alipofika darasa la tano alirudi baada ya mavuno akakuta jina lake limekatwa kwenye daftari la mahudhurio, na mtoto mwingine amekalia dawati lake.

"Nilipiga kelele mpaka koo likatoa damu," alisema. "Mpunga ukavunwa. Watu wakamshukuru Mungu, wakashukuru mvua, wakamshukuru baba aliyelima." Alicheka kidogo. "Na ni haki. Nani amshukuru mtoto kwa mpunga ambao haukuliwa? Hakuna cha kuonyesha. Hakikutokea kitu."

Bi Irene aligeukia dirisha. Huko nje ndege walikuwa wameanza kurudi kutoka walikokimbilia, makundi kwa makundi, wanashuka bwawani kunywa na kupumzika kama wafanyavyo kila siku jua likipanda. Mzee aliwatazama, na nikaona rangi inarudi usoni mwake.

"Irene, upepo unatoka wapi?"

"Kaskazini magharibi."

"Tumaini," akasema, akishika meza na kuinuka, "nina ombi. Naomba upige kelele."

Alieleza upesi. Bata bukini akishtuka huruka akiukabili upepo. Mtu akikaa upande unakotoka upepo, na mwingine akawashtua kwa upande wa pili, watapita juu ya kichwa cha yule wa kwanza. Njia hiyo hakuwahi kuitumia, maana hakuwahi kuhitaji kumfukuza ndege. "Na sifyatui mpaka awe juu yangu kabisa," aliongeza, "kwa hiyo usiogope."

"Siogopi," mama akasema. "Nipeni kopo."

Bi Irene alimimina kahawa yote kwenye bakuli, akampa kopo jekundu. Mama akainama uani kuchagua mawe. Hapo ndipo nilipomwona fundi. Alitia kiganja kizima, akatikisa, akakunja uso: mengi mno, halilii. Akapunguza, akatikisa sikioni, akabadilisha moja. Alipofika manane akatosheka. Kisha akachukua kanga yake aliyoileta ya kulalia, akajifunga kiunoni juu ya koti la baridi, na kuondoka.

Sisi watatu tulikwenda upande wa pili. Mzee alikaa kwenye kiti chake nyuma ya matete, Bi Irene akishika mkoba wa dawa, na mimi nikiwa nimepewa kazi na mama ya kumtazama Mzee mkono: ukienda kifuani, nipige filimbi aliyonipa. Bwawa lilikuwa jeupe kwa ndege. Ng'ambo, niliona kipande chekundu cha kanga kikienda kimeinama ndani ya matete, kikasimama. Nilidhani angeanza mara moja. Hakuanza. Alingoja, na nikaona kwamba anajua kitu ambacho mimi sikijui, kwamba kelele nayo ina wakati wake.

Kra-kra-kra. Halafu makofi. Halafu ile sauti.

Bwawa zima likanyanyuka. Walikuja kwetu kwa sauti ya mvua kubwa juu ya bati, chini chini, niliona macho yao. Mzee alisimama bila kushikwa. Akafyatua, hakuna kitu. Akafyatua tena, hakuna kitu. Bunduki ilikuwa na risasi tatu tu. Mkia wa kundi ulikuwa unatupita, wamebaki wachache. Akavuta pumzi. Ya tatu ilipolia, bata mmoja alikunja mabawa akaanguka kwenye mabua nyuma yetu, kishindo kimoja kizito.

Mzee aliketi. Mkono wake ukapanda, nikashika filimbi, roho mkononi. Lakini mkono ulipita kifua ukaenda kichwani. Alikuwa anavua kofia.

Mama alitokea akiwa na matope mpaka magotini na kopo kwapani, macho yote kwa mgonjwa wake. Mzee akasimama tena, kofia kifuani, nywele zake nyeupe zikipeperuka, akasema neno nililomfundisha mimi kule chumba cha rangi ili alitumie akipewa chai.

"Asante," alisema. "Asante, Tumaini. Bila wewe asingenifikia."

Akaokota maganda matatu, akayatia kwenye kopo. Mama alijifunika uso kwa ncha ya kanga. Nilidhani anafurahia bata.

Yule bata alirudi nasi Malvern kwenye boksi la barafu. Mama alichemsha sufuria kubwa amchovye na kumnyonyoa kama kuku, naye akatoka humo mkavu kama alivyoingia, manyoya yake ya mafuta yanacheka maji ya moto. Tulimnyonyoa kwa mkono, Mzee akituelekeza kwa simu huku akikohoa kwa kicheko, na kwa wiki mbili tulipata manyoya hata kwenye chumvi. Alipikwa kwa tui la nazi. Mzee alikuja amevaa tai, akauma risasi moja ndogo, akaitoa mdomoni na kuiweka pembeni ya sahani kama mfupa wa samaki. Mama aliupakua wali, akamtazama yule bata pale katikati ya meza. "Mla mpunga," alisema, "leo umeliwa na wali." Akala vipande vitatu.

Mzee Walter aliishi vipupwe viwili zaidi, na mama alikuwa amemshika mkono alipoondoka. Bunduki ilibaki Saskatchewan. Bi Irene alituandikia kadi kila vuli mpaka alipoacha kuandika, na katika kila kadi alituambia bwawa lipo.

Mimi nilisoma mpaka nikamaliza chuo kikuu. Kwenye sherehe yangu nilisimama na karatasi nikamshukuru Mungu, nikawashukuru walimu wangu, nikamshukuru mama kwa kunilea na kunipikia. Watu walipiga makofi. Mama alipiga pia, na alitabasamu, na mimi niliketi nikiamini nimemaliza orodha.

Imenichukua miaka kujua kilichokuwa kinapungua. Nilikua pale Malvern, kwenye lile ghorofa lenye lifti mbovu, na nikiulizwa utoto wangu ulikuwaje husema kwamba hakikutokea kitu. Nilisoma, nilikula, nililala. Sijui ni barua ngapi alizisoma peke yake jikoni akazikunja kabla sijaamka. Sijui ni maneno gani aliyameza makazini kwa watu, ili mimi nirudi nyumbani nikute mtu anacheka. Sijui ni nani alifika mlangoni petu akarudishwa. Siku ile aliyokubali kunitoa shule, yeye ambaye ndege walimnyang'anya shule, mimi nilisikia habari ya soksi. Na kila alipoinua mikono kituoni kwa sauti ile, nilisoma ratiba ya mabasi.

Basi mwezi uliopita niliteremka kwenye kiti. Nilikusanya yale mawe, nikayarudisha kwenye kopo na maganda yake, nikafunga kifuniko, nikampelekea sebuleni. Kiswahili changu nimejifunza kukisema ukubwani, kama yeye alivyojifunza kusoma, na bado kinachechemea.

"Mama," nikasema, "asante kwa ndege wote ambao sikuwaona."

Akalichukua kopo, akalisogeza sikioni, akatikisa mara moja, akasikiliza.

"Yamo saba," akasema. "Moja limebaki. Litazame chini ya friji."

Nikaenda nikapiga magoti, nikalitafuta mpaka nikalipata.